Majibu ya thairoidi yanapingana? Mimi nayasoma hivi

Kipimo changu cha kwanza cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, kilisema TSH (homoni inayoiamrisha tezi) 6.9 na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe, ile sehemu inayoelea huru kwenye damu) 1.1. Cha pili, miezi miwili baadae kwenye maabara nyingine, TSH 4.6 na T4 huru 14.2. Mimi nikaona hiyo 14.2 nikasema basi nimekwisha, homoni imepanda mara kumi na tatu ndani ya miezi miwili na hata dawa sijaanza. Usiku mzima sikulala. Kumbe namba ni ile ile! Maabara ya kwanza wanatumia ng/dL na ya pili wanatumia pmol/L, ukichukua 1.1 ukazidisha kwa 12.87 unapata 14.2 kasoro kidogo sana, yaani T4 yangu haikusogea hata hatua moja. Hakuna aliyeniambia, na pale kwenye karatasi kipimio kimeandikwa kwa maandishi madogo ambayo hata kwa miwani unatafuta.

Kwa hio kitu cha kwanza kabla hujapaniki, kabla hujaanza kubishana na daktari, kusanya karatasi zote za majibu uzipange kwa tarehe mezani halafu chukua daftari uziandike upya kwa mkono wako. Sio namba peke yake. Andika tarehe, saa ya kutolewa damu, maabara gani, kipimio gani, na ile renji ya kawaida ya maabara hiyo hiyo maana kila maabara ina yake na hasa kwa T4 huru mashine za kampuni tofauti hazisomi sawa kabisa. Kwa TSH uko salama kidogo, mIU/L na µIU/mL ni kitu kimoja, namba haibadiliki. Halafu upande wa pili wa mstari andika yale ambayo maabara hawayajui: asubuhi ile ulikua umekula au la, ulimeza dawa ya thairoidi kabla au baada ya kutoa damu, ulikua na homa wiki ile, una mimba, unatumia vidonge gani vya virutubisho, dozi ilibadilishwa lini. Huo upande wa pili ndo wenye majibu mara nyingi kuliko upande wa namba, mimi kwangu umetatua vitu vitatu kati ya vinne.

Ukishaandika hivo utagundua vipimo vingi unavyosema vinapingana havikua kwenye hali moja kabisa kwa hio haviwezi hata kulinganishwa.

Saa ya kutoa damu

TSH inapanda usiku, inafika juu kabisa kama saa nane mpaka saa kumi za usiku, halafu inashuka taratibu asubuhi na mchana inakua chini. Kula nako kunaishusha kidogo. Sasa angalia mimi: kipimo cha kwanza nilitoa damu saa moja na nusu asubuhi tumbo tupu, cha pili nilienda saa tisa alasiri nimeshiba. 6.9 na 4.6. Na hata ukiachana na saa, TSH ya mtu mmoja inacheza yenyewe siku hadi siku, ndo maana wanaofuatilia haya mambo wanasema mpaka vipimo viwili vitofautiane kama 40% hivi ndo useme kweli kuna mabadiliko. Yangu ilishuka 33%, yaani kitaalamu haikua habari, na mimi nilishaanza kuwatangazia watu kwamba napona bila dawa.

Na hiyo renji ya kawaida, ambayo kwa TSH mara nyingi ni kama 0.4 mpaka 4.0, imetengenezwa kwa kuwapima watu wazima wenye afya halafu wakakata 2.5% wa juu na 2.5% wa chini. Maana yake katika kila watu 100 wazima kabisa 5 watatoka nje ya mstari na hawaumwi chochote. Wazee nao TSH zao huwa zinakaa juu kidogo. Kwa hio 4.3 leo na 3.8 mwezi ujao sio kwamba uliumwa ukapona, ni mtu yule yule tu amesimama karibu na mstari.

TSH na T4 hazitembei mwendo mmoja

Hapa ndo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea sana. TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye tezi ndogo iko chini ya ubongo inaitwa pituitari, na kazi yake ni kuifokea thairoidi. Homoni zikipungua pituitari inapaza sauti, TSH inapanda. Homoni zikizidi inanyamaza, TSH inashuka. Na inafoka kupita kiasi kweli: T4 ikipungua nusu TSH inaweza kupanda hata mara 100. Ndo maana unaona TSH imeruka kutoka 3 kwenda 12 wakati T4 imesogea kidogo mpaka bado iko ndani ya renji. Hazipingani hizo, moja inanong'ona nyingine inapiga kelele, ujumbe ni ule ule.

Sasa mwendo. T4 ikishaingia kwenye damu inachukua kama siku 7 kupungua nusu, T3, homoni nyingine ya thairoidi, ni kama siku moja tu. Ukibadilisha dozi leo T4 itachukua wiki kadhaa mpaka itulie, na pituitari nayo inachukua muda wake kuizoea hali mpya, kwa hio ukipima baada ya wiki mbili unakuta T4 imeshapanda vizuri lakini TSH bado iko juu na unaona kama mashine imekosea. Haijakosea, umewahi. Wiki 6 mpaka 8 ndo muda wa kupima baada ya kubadilisha dozi. Kwa wale wa upande wa pili, wenye thairoidi iliyozidi, subira ni ndefu zaidi maana mtu anaanza kabimazoli, dawa ya kuishusha thairoidi, T4 na T3 zinarudi kawaida lakini TSH inaweza kubaki imelala chini wiki nyingi hata miezi, pituitari imezoea kunyamaza. Kipindi hicho anayefuatwa ni T4 na T3 sio TSH, na ukiona daktari haongezi dawa ingawa TSH ni 0.01 usidhani amelala.

Kuna na hii ya aibu kidogo ambayo nimeifanya mwenyewe. Unasahau sahau vidonge mwezi mzima, halafu siku tatu nne kabla ya kipimo unakua mtakatifu, unameza kila siku na siku ya kipimo unameza pia saa moja kabla ya kutoa damu. Majibu yanakuja TSH 11, T4 huru juu ya renji. Daktari anashangaa maana hizo mbili zikiwa juu pamoja anaanza kufikiria magonjwa adimu. Kumbe TSH inasimulia mwezi uliopita na T4 inasimulia vidonge vya juzi na cha asubuhi ile, manake kidonge cha levothairoksini, ile dawa ya thairoidi iliyolegea ambayo ni T4 yenyewe, kinaipandisha T4 huru kwa masaa kadhaa baada ya kumeza. Kama ulikua unasahau mwambie tu, usimwache mtu akakutafutie uvimbe kichwani kwa sababu unaona aibu.

Vidonge vya nywele

Kipimo changu cha tatu ndo kilinifanya niandike haya yote. TSH 0.2, T4 huru 31. Yaani mimi ambaye vipimo viwili vya nyuma vilisema thairoidi inalegea, sasa thairoidi imezidi. Daktari akaniuliza moyo unaenda mbio, nikasema hapana. Unapungua uzito, hapana, ndo kwanza nguo zinabana. Mikono inatetemeka, hapana. Jasho, joto, hapana, mimi nasikia baridi muda wote. Akakuna kichwa, akasema kwa namba hizi inabidi tuanze dawa za kushusha. Nikamwomba wiki moja nirudie. Jioni ile nikaenda kuangalia kila kitu ninachomeza, na pale kwenye rafu kuna chupa ya vidonge vya nywele na kucha nilivyoanza miezi miwili nyuma kwa sababu nywele zilikua zinadondoka (ambayo yenyewe ilikua dalili ya thairoidi, ndo uone mzunguko ulivyo). Nikageuza chupa, biotini, maikrogramu 10,000 kwa kidonge. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama maikrogramu 30 kwa siku.

Biotini haiharibu thairoidi, inaharibu kipimo. Mashine nyingi za maabara zinatumia biotini yenyewe kama kulabu ya kunasia kile kinachopimwa. Kwenye kipimo cha TSH, kila TSH inayonaswa inatoa mwanga, mwanga mwingi maana yake TSH nyingi. Damu yako ikija imejaa biotini inakaa kwenye zile nafasi za kulabu, TSH inakosa pa kushika inaoshwa na maji, mwanga unakua mdogo, mashine inasoma TSH ya chini. Kipimo cha T4 huru kinafanya kinyume, pale mwanga mdogo maana yake homoni ni nyingi. Kwa hio chupa moja inashusha TSH na kupandisha T4 kwa wakati mmoja, ni picha kamili ya ugonjwa wa Graves, ule ambao kingamwili zinaifanya thairoidi izidi, na kuna vipimo vya kingamwili za Graves vinavyotumia kulabu hiyo hiyo navyo vinaweza kudanganywa vikasema ndio. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu biotini kuingilia vipimo vya maabara, lakini kwenye chupa yangu hakukua na neno hata moja.

Niliacha vile vidonge wiki nzima nikarudia kipimo asubuhi tumbo tupu. TSH 7.4. T4 huru 13. Wanashauri uache angalau siku 2 kabla ya kipimo, na kama unatumia dozi kubwa sana zile za milligramu mia na zaidi wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa neva basi siku zaidi, na hizo usiziache mwenyewe bila kuongea na aliyekuandikia. Sio kila mashine inatumia kulabu za biotini, ndo maana mtu anapima maabara mbili wiki moja na majibu yanatofautiana kama mbingu na ardhi. Ukiona hivo angalia chupa zako kwanza, multivitamini nazo zinakuaga na biotini humo ndani.

Kusoma jozi

Sasa ukiwa na uhakika vipimo vimechukuliwa vizuri, soma TSH na T4 huru kama jozi, usisome moja peke yake. TSH juu na T4 chini, thairoidi imelegea, hiyo haina utata. TSH chini na T4 au T3 juu, imezidi, na kama TSH iko chini lakini T4 ni kawaida hakikisha T3 imepimwa maana kuna watu inaanza na T3 peke yake. TSH juu kidogo, tuseme kati ya 4 na 10, T4 kawaida, hapo usikubali wala kukataa dawa kwa kipimo kimoja, inarudiwa baada ya miezi 2 au 3 na wengi inajirudia kawaida yenyewe. Pamoja nayo wapimwe kingamwili za TPO mara moja, zikiwepo maana yake mwili unaishambulia tezi yenyewe, ule ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto aliuelezea mwaka 1912, na uwezekano wa kuendelea kulegea ni mkubwa zaidi. Zangu zilikuwepo, ndo nikaanzishiwa dawa. Ila TPO sio ya kurudia kila mara, kuna watu wanahangaika leo 600 kesho 450 wanashangilia, ile namba haipimi hali yako ya sasa na haibadilishi dozi.

Jozi ya kuiogopa kidogo ni T4 chini na TSH chini au eti kawaida. Mtu anaambiwa TSH yako 1.8 uko sawa, na T4 iko chini kabisa ya renji. Ikiwa T4 iko chini pituitari ilitakiwa ifoke, mbona imekaa kimya? Huenda yenyewe ndo mgonjwa. Hapo dai uchunguzi wa pituitari hasa kama una maumivu ya kichwa, kuona kumepungua pembeni au hedhi imekata. Na zote mbili juu, kama sio ile hadithi yangu ya kusahau vidonge, basi ni ama kuna kitu kwenye damu kinaichanganya mashine au ni yale magonjwa adimu ya pituitari na ya mwili kutoisikia homoni, hayo ya daktari wa homoni.

Kitu kwenye damu kinachochanganya mashine sio biotini tu. Kuna watu wana kingamwili zinazoshikana na kemikali za kipimo, au TSH imeshikana na kingamwili inakua bonge kubwa lisilofanya kazi lakini mashine inalihesabu, unakuta TSH 40 mtu mzima kama kengele. Ukiwa hujisikii kabisa vile karatasi inavyosema, miezi inapita na namba inagoma, uliza kama damu ile ile inaweza kupimwa kwa mashine ya kampuni nyingine au wakaichanganya na maji maalum waone kama namba inapungua kwa hesabu. Isipopungua kwa hesabu kuna mchezo.

Mengine nayapitia haraka. Ukiwa umeumwa sana au umelazwa usipime thairoidi kama hakuna sababu ya maana, mwili mgonjwa unashusha T3 na TSH wenyewe, halafu ukianza kupona TSH inaruka juu inaweza kukaribia hata 20 na baada ya wiki kadhaa imerudi. Steroidi zinaishusha TSH. Amiodaroni ya moyo na lithiamu ya magonjwa ya akili zinaigusa tezi yenyewe, na dawa ya picha za CT yenye madini joto pia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinapandisha T4 ya jumla lakini T4 huru haiguswi, kwa hio angalia karatasi imeandika ipi. Mimba changa inashusha TSH kwa sababu homoni ya mimba inaigusa thairoidi kama vile TSH inavyofanya, na renji za mjamzito ni tofauti, lakini kama ulikua tayari kwenye levothairoksini ukapata mimba usisubiri kliniki ya mwezi ujao, dozi kawaida inahitaji kuongezwa mapema. Na baada ya kujifungua kuna wanaopandisha miezi ya mwanzo halafu wakalegea halafu wakarudi, majibu matatu tofauti na yote ya kweli.

Kipimo kijacho

Mimi sasa nafanya hivi na tangu nianze majibu yametulia. Maabara ile ile. Kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, sijala. Kidonge nakibeba mfukoni, nakimeza baada ya kutoa damu. Biotini sina tena. Wiki 6 zimepita tangu dozi iguswe. Siku za kawaida nameza kidonge kwa maji tu, nasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo nikunywe kahawa au kula, na vidonge vya chuma na kalsiamu navisogeza masaa 4 mbali maana vinakishika kidonge tumboni kisifyonzwe, nilikua navimeza vyote pamoja kwa mkupuo mmoja naona nimerahisisha maisha. Nikienda kwa daktari naenda na daftari, sio na karatasi sita zilizokunjwa, nafungua ukurasa namwonyesha mistari, anasoma dakika mbili anaelewa.

Kuna hali ambazo hazihitaji daftari wala kurudia kipimo asubuhi. Moyo unakimbia hovyo hata ukiwa umekaa, homa kali na kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye thairoidi iliyozidi, au mtu mwenye iliyolegea anakua baridi, anasinzia hamwamshiki vizuri, hao ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Na yeyote yuko kwenye kabimazoli akapata homa na koo kuuma, asimeze kidonge kingine mpaka apimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo, maana dawa hiyo mara chache inaweza kuzimaliza.